Magadi si Chumvi

Nikiona mtu kwa mbali anatembea huku mkono wake mmoja unapanda na kushuka hewani, najua ni yeye kabla sijaona uso. Mwalimu wa Kwaya alikuwa akitembea kando ya barabara kuu pale Mbalizi anapiga mapigo ya wimbo ambao aliusikia peke yake. Bajaji zilikuwa zinasimama. Dereva anauliza, "Mzee, twende?" Naye anakuja juu: "Nani amekuita wewe?" Dereva anaonyesha ule mkono. Mwalimu anautazama kama vile ni wa mtu mwingine, anauweka mfukoni, na kabla bajaji haijapotea mkono umeshatoka tena.

Alikuwa anatembea kwa sababu ya presha. Naanza na hilo kwa sababu karibu kila ninachokumbuka kumhusu kinarudi hapo, na kwa sababu mpaka leo sijaelewa vizuri. Sijaielewa presha na sijamwelewa yeye.

Ninachojua ni hiki. Nesi wa zahanati yetu alimpima, akamwita siku nyingine akampima tena, halafu tena, akamwambia imepanda. Si ya kulazwa, lakini imepanda. Akamwambia apunguze chumvi, apunguze mwili, atembee kila siku, alale vya kutosha, asikose kurudi kupimwa. Ikishuka, vizuri, aendelee hivyo hivyo. Isiposhuka, anaanzishiwa vidonge. Mtu mwingine angesema asante. Yeye alitoka pale mlangoni kama mtu aliyesomewa hukumu.

Vidonge ndivyo alivyoviogopa. Alikuwa na rafiki kule Ubaruku, mkulima wa mpunga, mwimba besi ambaye Mwalimu alisema akishusha sauti vioo vya kanisa vinatikisika. Rafiki huyo alianza vidonge vya presha, kikohozi kikavu kikamshika. Mwalimu alimsikia kwa masikio yake kwenye tamasha la kwaya: mtu anashuka kwenda noti ya chini, anaifikia tu, kikohozi kinamkata. Tamasha lililofuata hakuimba. Alionekana nyuma, anasaidia kubeba spika.

"Besi ile," Mwalimu alikuwa anatuambia katikati ya mazoezi bila kuulizwa, "leo inabeba spika."

Kwa hiyo kwake hesabu ilikuwa nyepesi. Ama presha ishuke kwa njia ya asili, ama sauti iondoke. Njia ya tatu hakuiona.

Sauti yake ilikuwa tena, ile ya juu ya wanaume, nyembamba na safi, haifanani kabisa na mwili ule mnene na lile koti la kijivu alilovaa miezi yote, hata Oktoba tukiungua na jua. Alisema sauti si mali yake, ameazimwa tu, na kitu cha kuazima hakichezewi. Ndiyo maana hakunywa maji baridi. Ndiyo maana pia hakupiga kelele nje ya kanisa. Ndani ya kanisa alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama, halafu anakumbuka presha, anafumba macho, anapumua puani, anasema taratibu, "Sijakasirika. Rudieni." Tunarudia. Anakasirika tena.

Sidhani kama alijua jina langu. Watu wote alituita kwa sauti zetu na mahali tunaposimama. Mimi nilikuwa "wewe alto wa ukutani". Niliipenda hiyo. Alto ni sauti ya kujificha. Soprano wanasikika, besi wanasikika, tena wanajisikia wenyewe, lakini alto ukikosea hakuna anayegeuka. Nimeimba miaka mitatu na hata mama yangu, aliyekuwa soprano mstari wa mbele, hajawahi kunisikia.

Kitu alichokipenda kuliko noti zote ni kimya. Zile sehemu za wimbo ambapo kila mtu ananyamaza mapigo manne, ndizo alizozilinda kama shamba. "Kimya nacho ni noti," alisema, "tena ndiyo ngumu." Mtu akikohoa kwenye kimya, au soprano mmoja akichelewa kufunga mdomo, anasimamisha wimbo wote na kuuliza nani amekanyaga. Nyimbo alizotunga yeye mwenyewe zilijaa vimya mpaka wageni wakaanza kupiga makofi wakidhani tumemaliza.

Lakini zahanati sasa. Nesi akimfunga kile kitambaa kwenye mkono na kuanza kukijaza upepo, Mwalimu anaanza kuvumisha wimbo chinichini. Niliona mwenyewe siku mama aliponituma kumpeleka mdogo wangu kwenye chanjo.

"Mwalimu, nyamaza kwanza."

"Najituliza."

"Ukiimba mashine inapandisha. Nyamaza."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Kaa uegemee, miguu chini, usiongee."

Akanyamaza. Baada ya muda nikaona kidole cha mkono wa pili kinapiga mapigo kwenye paja. Nesi alikiona pia, akakishika kama unavyomshika mtoto mkono sokoni. Mtu aliyetufundisha sisi kimya hakuweza kukaa kimya mpaka mashine imalize. Hilo nililiandika kwenye daftari siku ileile na nikaliwekea alama ya kuuliza.

Dawa za asili alizitumia zote. Kila asubuhi alitafuna kitunguu saumu kibichi, na soprano wakamwomba kwa heshima zote awe anaelekea upande wa besi. Alikunywa choya, yale maua mekundu ya kuchemsha, bila sukari, alichemsha mchaichai, alichemsha majani ya parachichi. Kundi letu la kwaya kwenye simu lilikuwa la kupeana ratiba za mazoezi, likageuka kuwa la majani. Mmoja anatuma mbegu za maboga, mwingine anatuma sauti ndefu ya mtu asiyejulikana anayesema maji ya moto na ndimu yanafungua mishipa siku hiyohiyo. Kulikuwa na ubishi pia kama presha yake ni ya kupanda au ya kushuka, na kama ya kushuka inataka chumvi iongezwe. Mwalimu alisikiliza yote. Siku moja nesi akaingia kwenye kundi, sijui nani alimwingiza, akaandika kwamba majani hayo asiyategemee, anachojua yeye kinasaidia ni miguu na chumvi, na presha haina dalili, kujisikia vizuri si kupimwa. Watu wakamjibu kwa kumwekea picha za mikono ya kuomba. Baada ya hapo wakaendelea na majani.

Nilichanganyikiwa hapo. Mimi nilidhani dawa ya asili ni majani. Kumbe ya asili yenyewe ni kutembea na kutokula chumvi, vitu ambavyo havina jina wala bei, na ndiyo maana labda hakuna anayetuma sauti ndefu kuvihusu.

Chumvi aliiacha kweli. Hilo hakuna atakayembishia. Aliiacha mpaka ikawa ugomvi. Kwetu, ukienda msibani unakula kinachopikwa na akina mama pale, unakaa chini na wenzako mnashiriki sahani. Mwalimu alianza kuja misibani na hotipoti yake chini ya lile koti. Kwenye msiba wa jirani yetu mmoja, akina mama wa jikoni walimwona anafungua kifuniko nyuma ya turubai.

"Mwalimu, chakula chetu kina nini?"

"Kina chumvi."

"Kina chumvi, au unaogopa tumekuwekea kitu?"

Hapo watu waligeuka. Kwa watu wa kwetu, kuja na chakula chako msibani ni kama kusema mwenye msiba ni mchawi. Mwalimu alisimama na ile hotipoti, mdomo umejaa kande, anatikisa kichwa. Mama yangu ndiye aliyemwokoa, akasema kwa sauti ya soprano, "Jamani, ni presha! Ameambiwa na nesi!" Wakamwacha, lakini kwa miezi kadhaa hakuna aliyemkaribisha kwenye sahani. Na yeye alipenda sana kula na watu. Alikuwa mjane, alipika peke yake na kula peke yake, misiba na harusi ndizo siku zake za kula na mtu.

Yote hayo alivumilia, na presha haikushuka. Kila akirudi zahanati, ipo palepale. Nikaanza kukosa raha kumtazama. Alitembea zaidi. Mwili ulipungua, koti likawa linaning'inia. Akawa anatuuliza sisi, watoto na watu wazima, kama vile tunajua, "Sasa nimekosea wapi?"

Mimi nilijua. Au nilidhani najua, na hiyo ndiyo shida.

Mama alikuwa ananituma kwake na maziwa. Nilimkuta jikoni mara nyingi, maharage yanachemka. Huku kwetu baridi, maharage yanakaa motoni mpaka unasahau njaa, na kuni ni shida, kwa hiyo watu wanatia magadi. Wengi wanatia kidogo. Yeye alikuwa na kikombe cha bati, ndani donge zima la magadi limelowekwa, akimimina yale maji yake kwenye chungu bila kupima, kama anavyomwagilia bustani. Maharage yakaiva yakawa ya njano, laini, yanateleza. Kande yake vilevile. Mboga zake vilevile. Alinipa kijiko nionje.

"Unasikia? Hakuna chumvi hata chembe."

Kweli haikuwepo. Kulikuwa na ladha nyingine, ya kuteleza ulimini, kama sabuni iliyosahauliwa kwenye kikombe. Nikasema tamu.

Halafu darasani mwalimu wa Kemia akafundisha chumvi, akataja sodiamu, akasema ndiyo hiyo watu wa presha wanakatazwa. Akaendelea kutaja vitu vingine vyenye sodiamu, na magadi yalikuwemo. Aliyataja haraka, akafuta ubao. Mimi nikabaki nimeshika kalamu. Nilitaka kumuuliza palepale darasani, yakiwa kwenye maharage yanapandisha vilevile? Sikuuliza. Huwa siulizi. Nikajiambia labda yakichemka yanaondoka. Nikajiambia labda yanayopandisha ni yale meupe tu kama chumvi. Nilitafuta kwenye simu ya mama, ukurasa mmoja ukasema magadi ni hatari kwa mwenye presha, mwingine ukasema magadi ni dawa ya kiungulia. Nikazima.

Na hata kama ni kweli, unamwambiaje? Mtu wa umri ule, mjane, ambaye ameacha chumvi mpaka akaonekana anawaita watu wachawi, mtoto wa alto anamwambia umehangaika bure?

Wakati huo alikuwa ametunga wimbo wa afya wa kuimba kanisani. Besi wanauliza, "Presha imepanda, tufanyeje?" Soprano wanajibu, "Tembea, ndugu, tembea!" Alto tunashuka, "Punguza chumvi, punguza chumvi." Baada ya hapo, kimya, mapigo manne. Tuliufanyia mazoezi wiki nzima. Kila tukifika kwenye kile kimya, kichwani kwangu maneno mawili yalikuwa yanajiimba yenyewe, kwa noti ya alto, yanaingia vizuri kabisa. Sijui nieleze vipi. Sikupanga. Wala siwezi kusema sikupanga. Alhamisi ile tulifika pale, mkono wake ukasimama hewani, kanisa lote likanyamaza, na mdomo wangu ukaimba:

"Na magadi."

Sauti yangu haijawahi kusikika kanisani, siku ya kwanza ikasikika peke yake.

"Nani ameimba kwenye kimya changu?"

Soprano wakaanza kucheka kwenye vitabu. Nikanyoosha mkono.

"Alto wa ukutani! Umesema nini?"

"Na magadi, Mwalimu."

"Magadi yamefanya nini?"

"Yana... yana kile kitu kilichoko kwenye chumvi. Kinachopandisha."

Baba Tumaini, mwenye mashine ya kusaga, ambaye ni wa sauti ya tena na hawezi kukaa bila neno, akasema, "Basi sisi tumekwisha. Mke wangu magadi anatia mpaka kwenye mboga ya chainizi!" Watu wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Magadi si chumvi," akasema. "Magadi ni ya kulainisha. Bibi yangu amekula magadi mpaka meno yote yameng'oka, hakujua presha ni nini."

"Hakupimwa," akasema Baba Tumaini.

Kicheko kikakatika. Mwalimu akanitazama muda mrefu. Nilidhani atapiga kelele, na ningefurahi akipiga. Alifunga kitabu, akasema mazoezi yameisha, akavaa koti lake vizuri, akaondoka. Nilimwona kwenye dirisha anapita. Mkono wake ulikuwa chini.

Mama alinisema njia nzima. "Mtu mzima unamsahihisha mbele za watu! Hukuweza kuja kuniambia mimi?" Nikamwambia hata yeye anatia magadi. Akasema, "Mimi sijakuuliza hilo." Kesho yake nikakuta ameloweka maharage kwenye ndoo tangu jana, na kale kafungu ka magadi hakapo kwenye rafu. Sikumuuliza. Ningeuliza, ningejua kama alikuwa amekasirika kweli.

Januari nikaenda shule ya bweni, huko karibu na Nyololo, mkoa wa Iringa, ambako ukungu unaingia mpaka bwenini na mabasi ya Mbeya unayasikia tu yakipita barabarani. Mwalimu hakuja kuniaga. Mama alinipigia siku moja kwa simu ya matroni, akanipa habari zote za mtaani, mwishoni akasema, "Mwalimu wenu ameanza vidonge." Nikauliza anakohoa? Salio likaisha, simu ikakatika. Mwezi mzima nilikaa na swali hilo. Nilikuwa nawaza kama mdomo wangu ndio uliomfikisha huko, kwamba kwa ajili yangu alikata tamaa, au kwamba ningesema mapema asingefika. Yote mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, na mimi niliyaamini yote.

Likizo ya Juni nilirudi. Jumapili nikaingia kanisani, mbele ya kwaya amesimama Baba Tumaini, anapiga mapigo kama mtu anayefukuza nzi. Nilichofanya, na sijamwambia mtu, ni kugeuka nyuma kutazama kwenye spika. Hakuwepo. Hata hilo halikunituliza.

Baada ya ibada nilikwenda kwake bila maziwa, bila kutumwa. Nilimkuta jikoni na koti lake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Alto. Kaa kwenye kigoda, usikanyage ndoo."

Ndoo ilikuwa na maharage mengine yamelowekwa. Kikombe cha bati nilikiona dirishani, kimepandwa kitunguu.

Alinieleza bila kunitazama, anachochea moto. Aliacha magadi. Lini, hakusema. Presha ikashuka, ila si yote. Nesi akasema amefanya kazi kubwa, lakini iliyobaki inataka vidonge, na kutembea asiache. "Vyote viwili," akasema, kama mtu aliyeuziwa kitu asichokitaka. Akaanza kumeza. Na kikohozi kikaja kweli, kilekile cha Ubaruku. Akaiacha kwaya mikononi mwa Baba Tumaini, akasema ana mafua, akajifungia. Dawa hakuiacha, aliogopa kuiacha. Wala hakumwambia nesi, aliogopa kumwambia.

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Nitamwambia nini? Kwamba dawa yake mbaya? Nimemfundisha shule ya Jumapili yule, mdogo hivi. Lakini akivaa lile gauni jeupe nikikaa kwenye kile kiti, maneno yanaisha." Akapuliza moto. "Tulikutana barabarani, nikakohoa kwenye salamu. Akanisimamisha palepale, magari yanapita. Ananiuliza, Mwalimu, tangu lini? Nikamwambia. Akanigombeza! Akasema zipo za aina nyingine, angenibadilishia siku ya kwanza, ningesema tu."

"Akabadilisha?"

"Akabadilisha. Kikohozi kikachukua muda, kikaisha. Rafiki yangu nimempigia simu. Naye hakuwahi kusema."

Mtu huyu alikuwa anasimamisha watu arobaini kwa kidole. Nilikuwa nimezoea kudhani woga wa kusema ni ugonjwa wangu mimi, kwamba nitakua utaisha. Sasa sijui unaisha lini.

Suala la magadi hakuligusa. Hakusema nilikuwa sahihi, hakusema nilikosa adabu. Alichota maharage kwa kijiko, akapuliza, akanipa.

"Onja."

Nikaonja. Harage lilikuwa laini ngozi, ndani bado gumu, linagoma chini ya jino.

"Tamu, Mwalimu."

Akanitazama kama alivyonitazama siku ile. "Sijakuuliza tamu. Nimekuuliza yameiva?"

Nikatazama moto.

"Hayajaiva."

"Sisikii. Umesema kwa alto."

"Hayajaiva, Mwalimu! Bado sana."

"Haya," akasema. Akaongeza maji kwenye chungu, akasukuma kuni ndani, akavuta kigoda kingine, tukakaa wawili tunayasubiri. Baadaye kidogo mkono wake ukaanza kutoka kwenye koti, ukapanda, ukasimama juu pale hewani kama kwenye kile kimya cha mapigo manne, na macho yake yakaja kwangu. Nikavuta pumzi, tayari kuingia.